Adui ni Maji: Ukarabati wa Gari-Nyumba Kuukuu kwa Safari za Majira ya Baridi

Utangulizi

Wahenga waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, bila shaka walikuwa na picha ya nyumba iliyosimama mahali pamoja. Hata hivyo, methali hiyo huwa na mashiko makubwa zaidi inapohusishwa na nyumba inayosafiri. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wapo watu wanaonunua magari makuukuu yenye vitanda, jiko na kabati, wakayafufua kwa mikono yao wenyewe, kisha wakayaendesha kuelekea milimani au kaskazini ya mbali wakati ule ule ambapo majirani zao wanajifungia ndani kwa ajili ya theluji. Gari la namna hiyo ndilo linaloitwa gari-nyumba katika makala haya.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi gari-nyumba kuukuu linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linavyokarabatiwa ili limhifadhi binadamu katika majira ya baridi. Hoja inayotetewa ni moja. Watu wengi hudhani kwamba adui wa msafiri huyo ni baridi. Ukweli ni kwamba baridi hushindwa kwa blanketi na moto. Adui mkaidi ni maji: maji yanayokula mabati, maji yanayozunguka ndani ya injini, maji yanayotoka katika pumzi ya anayelala, na maji yanayoganda ndani ya mifereji. Fundi anayeyafuata maji kila yanakopita humaliza kazi yake salama, ilhali yule anayeyapuuza huirudia kazi hiyo hiyo mara mbili.

Ni vyema kutanguliza ufafanuzi mdogo wa msamiati. Baadhi ya wafasiri hulitumia neno kipupwe kurejelea majira ya baridi ya Ulaya. Makala haya hayafanyi hivyo, kwa kuwa kipupwe cha pwani yetu, kinachoangukia kati ya Juni na Agosti, ni msimu wa ubaridi mwororo usiojua theluji. Aidha, theluji na barafu hazichukuliwi hapa kuwa visawe. Theluji ni ile inayoanguka kutoka angani ikiwa laini kama pamba. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Dereva anayezichanganya mbili hizi huweza kuangamia, maana gurudumu hupata pa kung'ang'ania katika theluji lakini halipati katika barafu.

Gari Lenyewe

Mfano utakaotumiwa ni Volkswagen ya kizazi cha tatu, inayojulikana kama T3 barani Ulaya na kama Vanagon huko Marekani. Gari hili lilianza kuundwa mwaka 1979. Mnamo 1985 lilitokea toleo lililoitwa Syncro, ambalo nguvu ya injini yake hufikia magurudumu yote manne. Syncro iliundwa na kampuni ya Steyr-Daimler-Puch katika mji wa Graz nchini Austria hadi mwaka 1992. Baadhi ya magari hayo yalipelekwa kwa kampuni ya Westfalia nchini Ujerumani, yakawekewa vitanda, jiko la gesi, sinki na paa linaloinuka. Barani Afrika, magari ya kizazi hicho cha T3 yaliendelea kuundwa nchini Afrika Kusini hadi mwaka 2002.

Maana ya tarehe hizo ni kwamba Syncro changa kuliko zote imekwisha kupita umri wa miaka 30. Anayeinunua leo hanunui gari pekee. Hununua pia kila mvua iliyolinyeshea na kila uzembe wa wamiliki waliotangulia.

Utaratibu wake wa kuendesha magurudumu manne ni wa kipekee. Injini imekaa nyuma na huyasukuma magurudumu ya nyuma. Kutoka huko, mtaimbo mrefu hupita chini ya sakafu hadi mbele, unakokutana na kiungio maalumu. Ndani ya kiungio hicho mna visahani vingi vyembamba vya chuma vilivyozamishwa katika mafuta mazito ya silikoni. Baadhi ya visahani vimeshikamana na mtaimbo, na vingine vimeshikamana na upande wa magurudumu ya mbele. Gari linapokwenda sawasawa kwenye lami, visahani vya pande zote mbili huzunguka kwa kasi zinazokaribiana, na kiungio hakina kazi kubwa. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, kasi hizo hutofautiana, mafuta hupata joto, na kiungio hukaza na kuupeleka mvuto mbele. Dereva habonyezi chochote.

Umri huuharibu ufundi huo polepole. Kiungio kilichozeeka huweza kukaza wakati wote, na gari likawa zito katika kona. Au huweza kulegea, na gari likabaki kuendeshwa na magurudumu mawili bila mwenyewe kujua. Vivyo hivyo, matairi yanayotofautiana ukubwa, hata kwa sababu ya kuchakaa tu, hukifanya kiungio kifanye kazi bila kupumzika. Ndiyo maana mafundi huhimiza matairi yote manne yawe ya aina moja na yaliyolika kwa kiasi kinacholingana.

Maji Yanayokula Mabati

Kazi ya kwanza ni kuchunguza kutu. Mkazi yeyote wa Mombasa anafahamu jinsi upepo wa bahari unavyoyatafuna mabati. Katika nchi za baridi, bahari hiyo huletwa barabarani kwa malori. Chumvi humwagwa juu ya lami kwa sababu maji yenye chumvi huganda kwa shida kuliko maji matupu. Mchanganyiko uliokolea kabisa wa chumvi ya kawaida huweza kubaki majimaji hadi kwenye nyuzi 21 hivi chini ya sifuri. Lakini maji hayo hayo ya chumvi huharakisha kutu mno. Hurushwa na magurudumu, yakaingia katika kila upenyo wa chini ya gari, yakakaa humo.

Katika T3, mahali panapojulikana kwa maradhi haya ni kwenye maungio ya mabati ya ubavuni. Maungio hayo yalijazwa ulimbo wa kuziba ambao, kwa kupita miaka, hukauka na kupasuka. Maji hupenya katika ufa huo na kuanza kazi yake kwa siri, nyuma ya rangi inayong'aa. Sehemu nyingine ni kingo za madirisha, matao ya magurudumu, na reli ya mlango unaosukumwa kando.

Mnunuzi mwerevu huenda kulitazama gari akiwa na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Huipitisha polepole juu ya bodi. Mahali inaposhika pana bati. Inapoteleza na kuanguka, pana puti iliyopakwa ili kufunika tundu. Kisha huingia chini ya gari na bisibisi na kugongagonga kingo za sakafu. Bati zima hutoa mlio. Bati lililooza hutoboka.

Kutu haitibiwi kwa rangi. Bati lililooza hukatwa lote hadi kufikia chuma safi, kipande kipya huchomelewa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na hatimaye nta ya majimaji hupulizwa ndani ya mashimo ambayo mkono haufiki. Hatua hii haina mvuto. Hakuna mgeni atakayeisifu. Kwa sababu hiyo wengi huiruka, wakaanza na kabati za mbao na mapazia ya kupendeza. Miaka michache baadaye hulazimika kuzing'oa kabati hizo ili kuufikia ukuta uliooza nyuma yake. Hapo methali ya ufa na ukuta hutimia neno kwa neno.

Maji Yanayozunguka Ndani ya Injini

Injini ya petroli ya Syncro hupozwa kwa maji, na maji hayo yana safari ndefu. Injini iko nyuma ilhali rejeta iko mbele. Kati ya hizo mbili kuna mabomba mawili marefu yanayopita chini ya sakafu, yakiwa wazi kwa mawe, matope na chumvi. Bomba moja likitoboka katikati ya njia, injini hupata joto na kuharibika ingawa nje kuna baridi ya kutisha.

Kasoro inayosemwa zaidi ya injini hii iko kwenye vifuniko vya silinda. Vifuniko hivyo ni vya alumini, na maji huzuiwa kwa gasketi ya mpira. Iwapo gari lilitiwa kipozaji kisichofaa, au likaachwa kwa miaka bila kubadilishiwa, alumini huliwa na kuwa na vishimo mahali gasketi inapokalia. Matone huanza kutoka, mwanzo moja moja, kisha mfululizo. Kampuni iliyoliunda gari ilielekeza kipozaji kisicho na fosfati kwa sababu hiyo.

Kwa safari ya baridi, kipozaji huchanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hustahimili takriban nyuzi 37 chini ya sifuri kabla ya kuganda. Jambo hili si la hiari. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na hakuna chuma kinachoweza kuyazuia. Usiku mmoja wa maji matupu ndani ya injini hutosha kuipasua.

Wapo wanaoiondoa kabisa injini ya asili na kuweka nyingine. Huko Marekani ya Kaskazini, injini za Subaru zimependwa kwa kazi hii, kwa kuwa silinda zake hulala ubavu kama za injini ya asili na kwa hivyo hutoshea katika nafasi ile ile ya chini. Hata hivyo, injini mpya iliyounganishwa kwa mabomba makuukuu haijaponya chochote.

Sambamba na injini, betri huhitaji uangalizi. Betri ya asidi iliyojaa chaji haigandi hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri; iliyoishiwa huweza kuganda katika nyuzi 10 tu chini ya sifuri, kwa maana asidi yake imekuwa karibu maji matupu. Betri za kisasa za lithiamu na fosfati ya chuma ni nyepesi na zenye nguvu, lakini haifai kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kwa hivyo huwekwa ndani, karibu na joto, wala si chini ya sakafu.

Maji Yanayotoka katika Pumzi

Hadi hapa maji yamekuwa yakitoka nje. Baada ya kufunga mlango na kulala, msafiri huyazalisha mwenyewe. Mtu mmoja hutoa, kwa pumzi na jasho, si chini ya glasi nzima ya maji kwa usiku mmoja. Watu wawili wakipika supu na kukausha soksi ndani ya chumba kidogo kama hicho, hewa hulowa. Hewa hiyo ikigusa bati baridi, mvuke hugeuka matone. Asubuhi vioo hutoka jasho, magodoro huwa na unyevu upande wa chini, na barafu nyembamba hutanda kwenye vichwa vya skrubu.

Hapa ndipo tabaka la kukinga baridi linapohitajika. Vifaa vinavyotumika sana ni sufu ya kondoo na sponji yenye vitundu vilivyozibwa, ambayo hainyonyi maji. Fundi hulikata tabaka hilo kwa uangalifu na kulibandika kwenye bati bila kuacha nafasi. Mbavu za chuma za gari nazo hazisahauliwi, kwani chuma husafirisha baridi moja kwa moja hadi ndani. Mwanya ulioachwa nyuma ya ubao huwa maficho ya unyevu: mvuke hupenya, huganda juu ya bati, huyeyuka jua linaporudi, na kuanzisha kutu kutoka ndani. Kazi yote ya kuchomelea huwa imeenda bure.

Paa linaloinuka, ambalo ni fahari ya gari hili wakati wa kiangazi, huwa udhaifu wake katika baridi. Kuta zake ni za turubai. Wasafiri wazoefu huliacha limefungwa usiku wenye upepo, au hulivisha kitambaa kinene kwa ndani.

Fauka ya hayo, dirisha huachwa wazi kidogo. Anayesikia ushauri huu kwa mara ya kwanza huona ni kichekesho: vipi mtu afungue dirisha nje kukiwa na theluji? Sababu ni kwamba hewa baridi ya nje hubeba maji machache sana. Ikiingia na kupashwa joto huwa kavu, na huuchukua unyevu wa ndani inapotoka. Chumba kilichofungwa kabisa huwa na joto la majimaji, ambalo ni baridi iliyojificha tu.

Moto Unaookoa na Moto Unaoua

Suala la moto ndilo lenye uhai wa mtu ndani yake. Jiko la gesi lililo wazi huonekana kuwa suluhisho rahisi. Lakini kila kilo 1 ya gesi ya propeni inapoungua huzalisha takriban kilo 1.6 za maji kwa njia ya mvuke. Anayewasha jiko ili kuondoa baridi huwa anamwaga ndoo ya maji polepole chumbani mwake.

Hilo ndilo dogo. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu mahali pa oksijeni, na mhasiriwa hupata usingizi asioamka. Msiba huu si mgeni kwa Wakenya. Katika miezi ya baridi, hususan Julai, si nadra kusikika habari za familia zilizolala na jiko la makaa katika nyumba zilizofungwa madirisha. Gari-nyumba ni nyumba ndogo zaidi, na hivyo hatari yake ni kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo, hita inayofaa ni ile ambayo moto wake umetengwa na hewa ya chumba. Kampuni za Kijerumani za Webasto na Eberspächer zimejulikana kwa hita za aina hii. Huvuta hewa kutoka nje, huchoma petroli au dizeli kidogo ndani ya kikasha kilichozibwa, na hutoa moshi nje kupitia bomba. Hewa ya chumbani hupita juu ya ukuta wa kikasha hicho, ikapata joto bila kukutana na moto wala moshi. Hata hivyo, bomba la moshi huweza kuzibwa na theluji iliyorundikana usiku. Msafiri hulikagua kabla ya kulala, na king'ora cha kaboni monoksaidi hufungwa ndani hata kama hita ni mpya kabisa.

Gesi ya kupikia nayo huchaguliwa kwa kuzingatia baridi. Buteni huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri, hivyo mtungi huweza kuwa umejaa na jiko lisiwake. Propeni huendelea kutoa mvuke hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Tangi la maji ya kunywa huhamishiwa ndani, na mifereji yote humwagwa maji kila gari linapoachwa bila joto.

Barabarani

Gari lililokarabatiwa vyema bado huweza kumwangusha dereva mwenye kiburi. Kuendeshwa kwa magurudumu manne humsaidia mtu kuondoka na kupanda, hakumsaidii kusimama. Magari yote husimama kwa breki na matairi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na sheria za nchi nyingi zimelitambua jambo hilo. Austria hudai matairi ya baridi kati ya Novemba 1 na Aprili 15 barabara zinapokuwa na hali ya majira hayo. Ujerumani, tangu Oktoba 1, 2024, hulitambua kuwa la baridi tairi lenye alama ya mlima na chembe ya theluji pekee.

Katika kaskazini ya Norwe, maumbile yenyewe ndiyo yanayotunga sheria. Mjini Tromsø jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Sehemu ya mwisho ya barabara ya E69 inayoelekea Nordkapp hupitwa kwa msafara wakati wa baridi: magari hukusanyika kwa saa zilizopangwa na kufuata gari la kuondoa theluji. Asiyewahi hubaki.

Jaribio bora hufanywa kabla ya yote hayo, karibu na nyumbani. Maji humwagwa juu ya paa kwa mpira huku mtu akiwa ndani na tochi, akitafuta tone. Kisha mwenye gari hulala humo usiku mmoja wa baridi, hatua chache kutoka mlangoni pake. Kasoro inayogunduliwa hapo hugharimu usingizi wa usiku mmoja. Ikigunduliwa mbali na watu, gharama yake huwa nyingine.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukarabati wa gari-nyumba kwa ajili ya baridi una mpangilio usiofaa kugeuzwa: bodi kwanza, injini na kiungio cha pili, tabaka la kukinga baridi la tatu, hita ya nne, na mapambo mwisho. Mpangilio huo haukutokana na mazoea tu. Kila hatua huziba njia moja ya maji kabla ya hatua inayofuata kuifunika.

Limebainika pia jambo linalowahusu wapenzi wa Kiswahili. Gasketi, rejeta, puti, hita na kuchomelea ni maneno yaliyokuwa yakitumika katika gereji zetu kabla ya kuandikwa katika makala haya. Fundi hakungoja kamati ili apate la kusema. Mwanafunzi wa lugha anayetaka kueleza mitambo kwa Kiswahili sanifu hana budi kwenda kumsikiliza fundi kwanza, kisha ndipo afungue kamusi.

Ama kuhusu msafiri, hatimaye hufika alikokusudia, akazima injini, akafungua mlango. Kilichomtoa kwao ni theluji, nayo ni maji pia. Kazi yake yote ya miezi mingi ilikuwa kuhakikisha kwamba maji hayo yanabaki nje, mahali yanapopendeza kutazamwa.